Wauguzi wa Meli na Kikombe cha Maji

Tukizungumzia fistula ya uzazi, sifa nyingi humwendea daktari wa upasuaji. Leo tuwatazame wauguzi, na tuvuke bahari hadi kwa jirani zetu wa Madagaska.

Mwaka 2014 meli ya hospitali Africa Mercy, ya shirika la hisani la Mercy Ships, ilikuwa ielekee Benin. Ebola ilipoenea Afrika Magharibi, ikageuza njia na kufunga gati Toamasina, ikahudumia huko hadi 2016. Zamani ilikuwa kivuko cha treni huko Denmark; ilianza kazi ya hospitali mwaka 2007.

Miongoni mwa waliopanda ngazi zake ni wanawake waliokaa na uchungu siku mbili au tatu bila ya msaada. Kichwa cha mtoto kikikandamiza muda mrefu, nyama hukosa damu na kufa, tundu likabaki. Mara nyingi mtoto hufariki, na mama huvuja mkojo usiku na mchana. Wengi huachwa na waume, na jamaa huwakwepa.

Upasuaji ni wa saa chache. Uuguzi ni wa wiki. Mgonjwa hulala na mpira wa mkojo takriban siku kumi na nne. Ukiziba, kibofu hujaa na mshono unaweza kuachia. Kwa hiyo muuguzi hupita kitanda kwa kitanda, hata usiku wa manane, akipima mkojo, akimwaga mfuko, akitazama mpira usijipinde.

Kazi ngumu zaidi ni maji. Mwanamke aliyejinyima kunywa kwa miaka ili asilowe, sasa anaambiwa anywe kikombe baada ya kikombe. Hapo wakalimani wa Kimalagasi walihitajika sana, maana hofu hiyo haitulizwi kwa ishara za mikono.

Wodi zilikuwa chini melini, hivyo wagonjwa walipandishwa sitaha ya juu wapate upepo. Siku ya kutoa mpira kila mtu alingoja: shuka litaamka kavu? Si wote waliopona. Waliopona walivishwa gauni jipya, wakaimbiwa na kucheza.

Kwetu Tanzania fistula hutibiwa bure, ikiwemo CCBRT, Dar es Salaam. Ukimjua dada anayejificha ndani kwa aibu, mwende, umwambie, na umsindikize.