Kumnyemelea kanga: jua sheria, linda roho ya mwenzio

Kwetu Pwani kanga ni nguo kwanza, ndipo ndege. Nilipokaa Nakuru, kanga yalikuwa mazungumzo ya kila jioni: vijana wa mtaani wakisimulia wanavyomnyemelea vichakani upande wa Gilgil. Siku moja waliniita tufuatane. Sikwenda. Naeleza sababu, maana ndugu zetu wengi wanahamia huko kikazi na wanaitwa vivyo hivyo.

Kwanza ni sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 nayo inahesabu kuwa ni kosa kuwinda kwa burudani, na hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Tena ardhi nyingi huko ni ranchi za watu, na kuingia bila ruhusa ni kosa jengine.

Pili ni usalama. Mnyemeleaji hujificha, na aliyejificha haonekani na mwenye bunduki. Marekani, ambako kuwinda bata mzinga wa mwitu kunaruhusiwa kwa leseni, wawindaji hufundishwa wasiifuate sauti ya ndege, kwani huenda ni mwindaji mwenzao anayeiigiza. Huambiwa wakae wameegemea mti mnene, wasivae nyekundu, nyeupe wala buluu, ambazo ni rangi za kichwa cha dume, na wasifyatue mpaka wamwone ndege waziwazi pamoja na kilicho nyuma yake.

Kwamba kichaka huficha watu, Nakuru wanajua. Mei 2006, Robert Njoya, fundi wa mawe, aliingia na wenzake na mbwa katika ranchi ya Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita. Walikuwa wamepata swala. Tom Cholmondeley, wa familia yenye ranchi hiyo, alifyatua risasi. Alisema alilenga mbwa. Njoya alifariki. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilimtia Cholmondeley hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miezi minane. Mwaka mmoja kabla ya kifo cha Njoya, afisa wa KWS Samson ole Sisina aliuawa kwa risasi katika ranchi hiyo hiyo. Cholmondeley alidai alijitetea, na kesi ikaondolewa.

Tatu ni utu. Mtego hauchagui: hunasa kanga mwenye vifaranga, na aliyejeruhiwa akakimbia hufa taratibu bila kumfaa mtu. Lakini utu una pande mbili. Aliyeingia kutafuta nyama ana kosa, ila kosa lake ni la kupelekwa mahakamani, si la kupigwa risasi.

Basi ukiitwa, kataa. Ukitamani nyama ya kanga, tafuta mfugaji mwenye leseni. Na ukiona watu wanawinda, usiwafuate vichakani. Toa habari KWS au polisi. Swala mmoja aliacha mjane na watoto.