Hali ya Hatari ya Pili

Desemba 1963 watu wa Meru walikuwa na mambo mawili ya kutazama kwa pamoja. Upande wa mlimani, wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wakitoka msituni baada ya miaka mingi, wakiongozwa na akina Musa Mwariama na Baimungi, na watu walipanda kwenda kuwaona kwa macho yao. Upande wa chini, kule nchi inakoteremka hadi Isiolo, vita vingine vilikuwa vinaanza. Bendera ya uhuru ilipandishwa tarehe 12. Mwezi haujaisha, serikali ya Jomo Kenyatta ikatangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki. Ile ya mkoloni, ya Oktoba 1952, ilikuwa imeondolewa Januari 1960 tu. Wako waliokuwa bado hawajajenga upya nyumba zilizobomolewa katika ile ya kwanza.

Makutano ninayoiandika ni ya Meru, juu kidogo ya mji, karibu na Kinoru, mahali anapopita mtu wa Nanyuki, wa Isiolo na wa Maua. Ile nyingine, ambapo barabara ya Embu inaachana na ya Sagana, ni mahali tofauti. Nimezaliwa hapa na nimezeekea hapa. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la mtu. Alishusha viazi, kabeji, unga na mabunda ya miraa ya Nyambene hadi Isiolo, mwendo wa kilomita 50 hivi, akapanda na ngozi na mbuzi. Wateja wake walikuwa Waborana, Wasomali na Waturkana, na alijua salamu za lugha zao zote. Kwa hiyo habari za vita hivyo hazikutufikia kwa gazeti. Zilifika jioni, zikiwa na vumbi, zikaomba chai.

Chanzo cha vita hivyo hakikuwa siri. Mwishoni mwa 1962 Uingereza ilituma watu wawili, Mnijeria G.C.M. Onyiuke na Jenerali Bogert wa Kanada, wakawaulize wenyeji wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini wanataka nini. Jibu la Wasomali walio wengi lilikuwa wazi: wanataka kujiunga na Somalia. Machi 1963 waziri wa makoloni, Duncan Sandys, akatangaza kwamba eneo lao litakuwa mkoa wa saba wa Kenya. Waliulizwa, wakajibu, wakapewa kinyume chake. Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, na Mei uchaguzi ukasusiwa kule kaskazini.

Kisha Juni 28 wakauawa Daudi Dabasso Wabera na Chifu Haji Galma Dida, huko Modogashe. Wabera alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo. Leo mtu wa Nairobi anakatiza Barabara ya Wabera akienda kununua viatu, na sidhani wengi wanajua alikuwa nani. Kwetu kifo chake kiliingia ndani ya nyumba, kwa sababu baba alikuwa amewahi kumwona ofisini mwake pale Isiolo, kijana nadhifu mwenye sauti ya chini. Wote wawili, yeye na Chifu Dida, walikuwa wakiwaomba watu wa kaskazini wabaki Kenya. Tangu siku hiyo mama hakulala mpaka asikie lori linapunguza mwendo pale njia panda.

Watu wa Makutano walikuwa na hofu, na hofu yao ilikuwa na msingi. Wazee waliokuwa wamepigana Burma katika jeshi la kikoloni la KAR walikaa nje ya duka lenye redio na kupanga hesabu ya vita vikubwa. Somalia ilikuwa imekubali silaha za Warusi. Ethiopia ilikuwa na silaha za Wamarekani, na ilikuwa imetia saini mkataba wa kujilinda pamoja na Kenya mwaka ule ule wa 1963. Kenya ilikuwa na Waingereza. Januari 1964 Zanzibar ikapinduliwa, wanajeshi wa Tanganyika wakaasi, na wale wa kambi ya Lanet, hapa kwetu Kenya, wakaasi pia, hadi askari wa Uingereza wakaitwa kuzima. Mwezi uliofuata Ethiopia na Somalia wakapigana mpakani waziwazi. Mtu aliyesema kwamba moto huu ungefika mlimani hakuwa anaropoka. Julai, mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) mjini Kairo ulipoazimia kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe, wazee wale walishangilia kana kwamba ng'ombe wao wamerudishwa.

Lakini hofu ina kazi yake nyingine, na hiyo ndiyo inayonifanya niandike. Ilitufanya tukubali kila kitu. Kwa kuwa vita vingeweza kukua, basi lolote lililofanywa Isiolo lilihesabiwa kuwa dogo. Mchungaji aliyekutwa na ngamia mahali pasiporuhusiwa aliitwa shifta, yaani jambazi, na shifta hakuhurumiwa na mtu. Niliimba shuleni nyimbo za kuwasifu askari wetu, na niliziimba kwa moyo wote.

Mwaka 1966 mabomu ya ardhini yalikuwa yakitegwa barabarani, na serikali ikaongeza ukali. Biashara na Somalia ikakatazwa. Kanuni zikatolewa, zikazigusa pia wilaya jirani za Mkoa wa Mashariki, Isiolo ikiwemo. Wafugaji wakakusanywa katika vijiji vya kulindwa, Garba Tula, Merti, Modogashe na kwingineko, na mifugo iliyokuwa nje ya mipaka ikanyang'anywa au ikapigwa risasi. Waborana wa Waso, kule Isiolo, wanakiita kipindi hicho Daaba, yaani wakati uliposimama. Mtu anayeishi kwa ngamia ukimfungia mahali pamoja, malisho yanakwisha ndani ya wiki chache, na baada ya malisho ni wanyama, na baada ya wanyama ni yeye.

Baba aliporudi na habari hizo, waliokuwa sebuleni waliuliza kama barabara ni salama na kama bei ya mbuzi imeshuka. Ilikuwa imeshuka sana. Nyanya yangu mzaa mama, aliyekuwa amekuja kutoka Runyenjes kutusaidia na mtoto mchanga, aliuliza: hao watu wanaruhusiwa kutoka saa ngapi?

Alijua la kuuliza. Mwaka 1954 yeye mwenyewe aliingizwa katika kijiji cha namna hiyo huko Embu. Walichimba handaki kwa mikono yao, wakasimika vijiti vilivyochongwa ndani yake, wakajenga vibanda vilivyobanana huku homgadi wakiwasimamia, na nyumba zao za zamani zikachomwa moto wakiziona. Mlango ulifunguliwa kwa saa kadhaa tu, wanawake wakimbie shambani na mtoni wakiwa chini ya ulinzi. Vijiji vya namna hiyo vilizidi 800 katika nchi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, na waliofungiwa humo walizidi milioni moja. Lengo lilikuwa kuwatenga wapiganaji wa msituni na waliokuwa wakiwalisha. Kule Isiolo lengo lilikuwa hilo hilo, na njia ilikuwa hiyo hiyo, ila sasa amri ilitoka kwa wenzetu.

Ilitoka Embu, kwa sehemu. Hilo hatulisemi vya kutosha. Makao makuu ya Mkoa wa Mashariki yalikuwa pale Embu mjini, na Isiolo na Marsabit zilikuwa chini yake pamoja na Meru. Makarani na maofisa wa mkoa huo walitoka katika jamii zilizokuwa zimetoka kwenye mahandaki miaka michache tu nyuma. Karatasi za kuhusu Garba Tula zilipita katika mji ambako nyanya yangu alikwenda sokoni.

Vita vilikoma kwa mazungumzo. Kenneth Kaunda wa Zambia alipatanisha, na Oktoba 28, 1967 Kenyatta na Waziri Mkuu Egal wa Somalia wakakubaliana Arusha. Vita vile vikubwa vilivyohofiwa havikutokea wakati huo. Vilitokea miaka kumi baadaye, kati ya Somalia na Ethiopia, na havikupita kwetu.

Baba alirudia safari zake, lakini wateja wake hawakuwa wale wale. Watu waliokuwa na ngamia wengi sasa waliishi pembeni mwa mji wa Isiolo, wakiuza kuni na kungojea chakula cha msaada. Alikuwa akiwadai baadhi yao fedha za miraa na unga, na aliyafuta madeni yote bila kutuambia. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maofisa na askari wasishtakiwe kwa yaliyofanyika Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, kuanzia Desemba 25, 1963 hadi Desemba 1, 1967.

Mwaka 2013 mambo mawili yalifuatana. Mwezi wa Mei, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake, na vita hivi vimo ndani. Mwezi wa Juni, serikali ya Uingereza ilikiri mateso ya enzi ya Mau Mau na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228. Nilifurahi kwa machozi, ingawa nyanya hakuishi kuliona. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waliodhulumiwa.

Mpaka wa Meru na Isiolo bado unagombaniwa. Katika mabaraza niliyohudhuria, wazee wetu huanza kwa kueleza tuliyotendewa mwaka 1954, na wana haki ya kueleza. Sijamsikia hata mmoja akitaja 1966. Nawaomba wataje, na wataje kabla ya kuanza kuonyesha mawe ya mpaka.