Ghorofa ya Nne ya Bishop Magua: Historia Fupi ya iHub na Watu Wake

Machi 2025 iHub, makao ya watu wa teknolojia jijini Nairobi, ilitimiza miaka 15, nami nikaombwa, kama mmoja wa wakongwe, niandike historia yake fupi kwa ajili ya kijitabu. Kurasa nilizopewa ni chache, na muda ni mchache kuliko kurasa. Wengi huianza hadithi hii siku milango ilipofunguliwa pale Barabara ya Ngong. Mimi naanzia nyuma zaidi, wakati wapangaji walikuwapo tayari mjini na nyumba ndiyo haijapatikana.

Asiyeijua Nairobi ya katikati ya miaka ya 2000 atadhani natia chumvi. Intaneti ilikuja kwa setilaiti, ghali na ya kusuasua. Wengi wetu tuliipata kwenye saiba za Moi Avenue na Tom Mboya, tukilipa kwa dakika, jicho moja kwenye skrini na jingine kwenye saa ya mhudumu. Kupakua programu kubwa ilikuwa shughuli ya usiku kucha, na stima ikipotea alfajiri unaanza upya. Ndiyo maana diski za Ubuntu, zile zilizokuwa zikitumwa bure kwa posta kutoka ng'ambo, zilihesabiwa kuwa mali. Mtu akipokea bahasha yake, alijua wikendi hiyo hatakosa wageni.

Katika ukame huo kikazaliwa kikundi cha Skunkworks. Hakikuwa na ofisi, bajeti wala kiingilio. Kina Josiah Mugambi na Riyaz Bachani walikuwa miongoni mwa waliokibeba mabegani. Walikuja wapenzi wa Linux, wahandisi wa kampuni za simu, wanafunzi wa vyuo, na wale waliojifundisha wenyewe kwa vitabu vilivyonunuliwa kando ya barabara. Tulikutana popote mwenye chumba alipokubali kutuachia ufunguo. Mmoja alisimama akaeleza alichojenga, akaonyesha kilipovunjika, kisha akaandamwa kwa maswali hadi chai ikapoa. Ubishi wa Linux na Windows uliwahi kuwanunisha marafiki kwa miezi, lakini mtu aliyekwama kazini Jumatatu alijua ni nani wa kumpigia, na huyo aliyepigiwa alipokea. Wengine watasema historia ya teknolojia yetu ilianza na wawekezaji. Waacheni. Mimi nilikuwapo wakati kitu pekee kilichowekezwa kilikuwa nauli ya matatu.

Machi 2007 Safaricom ikazindua M-Pesa, na vikao vikapata mada isiyokwisha. Kila mwenye duka la mtandaoni alitaka kupokea malipo hayo, lakini hapakuwa na njia rasmi iliyo wazi kwa kila msanidi ya kuunganisha programu yake na mfumo huo. Basi vijana wakapitia dirishani. Walichukua simu au modemu yenye laini iliyosajiliwa, wakaichomeka kwenye kompyuta, wakaandika programu ya kusoma kila ujumbe wa uthibitisho unaoingia: nambari ya muamala, kiasi, jina la aliyetuma. Programu ililinganisha ujumbe na oda, na mteja akapewa mzigo wake. Mambo yalikwenda sawa mpaka siku maneno ya ujumbe yabadilishwe kidogo, nafasi iongezwe hapa au nukta ihamishwe pale, na kufikia asubuhi malipo ya watu hayaonekani popote. Dawa ilitafutwa kikaoni, na aliyeipata kwanza aliwapa wengine, hata wale walioshindana naye kwa wateja. Daraja, lango la Safaricom la wasanidi wote, lilikuja mwaka 2017. Vijana wa leo wanaounganisha malipo kwa alasiri moja wanastahili kujua kwamba kuna waliolala kando ya modemu.

Kisha ikaja Januari 2008. Nchi ilikuwa ikivuja damu baada ya uchaguzi wa Desemba, na habari zilikuwa zimebanwa. Ory Okolloh, wakili ambaye pamoja na Conrad Akunga alikuwa ameanzisha Mzalendo ili kuwamulika wabunge, aliwaomba watu wa teknolojia wasaidie kuweka kwenye ramani mahali ghasia zilipokuwa zikitokea. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao wakaitika. Ndani ya siku chache Ushahidi ikawa hewani, ikipokea taarifa za wananchi kwa ujumbe mfupi wa simu na kwa mtandao. Programu hiyo baadaye ilitumiwa Haiti baada ya tetemeko la 2010 na katika nchi nyingi nyingine. Kwetu maana yake ilikuwa ya karibu zaidi: tuliona kwamba kitu kilichoandikwa na watu tunaowafahamu kinaweza kusimama popote duniani.

Mwaka huohuo kulikuwa na Barcamp Nairobi, mkutano wa aina ambayo ratiba haichapishwi. Anayefika asubuhi huandika mada yake ukutani na wanaoitaka humfuata. Katika mazungumzo ya mikutano ile wazo la kuwa na makao likashika mizizi. Hersman, mtoto wa wamishenari aliyekulia Sudan na Kenya, alilishikilia asiliachilie. Mwaka 2009 kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa, na ile hoja ya kwamba intaneti ya kasi ni ya mabenki na mashirika ya kigeni ikaanza kupoteza nguvu. Kilichobaki ni paa.

Paa likapatikana ghorofa ya nne ya Bishop Magua Centre, Barabara ya Ngong, mkabala na duka la Uchumi Hyper: takriban futi za mraba 5,000 zilizokuwa tupu. Fedha za mwanzo zilitoka Omidyar Network na Hivos, kupitia Ushahidi. Hapo ndipo lilipofanyika jambo ambalo mimi hulihesabu kuwa la maana kuliko fedha zenyewe. Bodi ya ushauri haikujazwa wakubwa wa mashirika. Walioketi na Hersman walikuwa Josiah Mugambi, Riyaz Bachani, Conrad Akunga na mwanahabari Rebeccah Wanjiku, yaani watu waliotoka kwenye vikao vyenyewe. Mwenye malalamiko hakuandika barua. Aliwangojea kwenye ngazi.

Milango ikafunguliwa Machi 2010. Meneja wa kwanza alikuwa Jessica Colaço, na nikisema alikuwa meneja sijasema hata nusu. Alijua nani anatafuta mchoraji, nani anatafuta kazi, na nani anajifanya mwekezaji. Uanachama uliwekwa kwa rangi. Mweupe alijiandikisha tu na kupata habari. Wa kijani aliomba, akapimwa kwa kazi aliyoifanya, na akikubaliwa aliingia na laptopu yake na kutumia kiti, meza na intaneti bila kulipa. Mwekundu alilipia dawati lake. Kijani ndiyo iliyokuwa roho ya nyumba. Niliwaona vijana waliokuwa wakilipa kwa dakika mjini wakikaa pale kutwa nzima, mwanzoni wakiwa na wasiwasi kwamba jioni wataletewa bili.

Kahawa ilikuwa ya Pete's, na harufu yake ndiyo iliyokupokea kabla ya mtu yeyote. Palikuwa na meza ya foosball iliyovunja heshima zote za vyeo. Barabara ya Ngong ilikuwa bado nyembamba, hivyo saa kumi na moja jioni mwenye akili hakutoka. Alibaki, na kwa kubaki akajikuta kwenye kikao ambacho hakukusudia kuhudhuria. Nadhani foleni ile ilijenga jamii yetu kuliko bango lolote. Jioni moja walikaa watu wa simu za mkononi wa Mobile Monday, nyingine kikundi cha watumiaji wa teknolojia za Google, ambacho kuanzia 2012 kilijulikana kama GDG, na nyingine wapenzi wa Python. Ukumbi ulitolewa kwa vikundi vya wanajamii. Ulichotakiwa kuleta ni mada, na ikiwezekana sambusa.

Mwaka 2010 wenyewe ulibeba mengi. Juni, Nairobi ilikuwa miongoni mwa miji iliyoshiriki hakathoni ya dunia ya Random Hacks of Kindness, watu wakiandika programu za maafa mwisho wa wiki mzima. Agosti, wakati wa kura ya maoni ya Katiba, programu ya Ushahidi ikatumika chini ya jina Uchaguzi kupokea taarifa za wananchi. Na mwaka huohuo Judith Owigar, Linda Kamau, Marie Githinji na Angela Oduor wakaanzisha AkiraChix, kwa sababu walichoka kuwa wanawake watatu katika chumba cha wanaume hamsini, wakiulizwa kama ndio waandalizi wa chai. Kutoka duara hilohilo Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka wakashinda shindano la saa 48 la IPO48 na wazo lao la M-Farm, lililompa mkulima bei za sokoni kwa ujumbe mfupi ili dalali asimpunje. Siku hizi kila mtu ana programu ya wakulima. Wakati ule watu walicheka, na hao mabinti wakaenda kuizindua.

Jengo zima likaanza kupata moto. Nailab, kituo cha Sam Gichuru cha kulea kampuni changa, ikawa jirani yetu hapohapo Bishop Magua. Mwaka 2011 ikaja m:lab East Africa, kwa ajili ya kampuni changa za simu, ikisaidiwa na infoDev ya Benki ya Dunia. iHub Research ikaanza kuchunguza namna Mkenya wa kawaida anavyotumia simu yake. Julai 8 mwaka huo serikali ikazindua mpango wa data huria, na Katibu wa Kudumu Bitange Ndemo, aliyeusukuma kwa nguvu, hakuwa mgeni kwa vijana wetu. Nje ya Nairobi, Hive Colab ilikuwa imefunguliwa Kampala, na vituo vya namna hii vikaungana katika AfriLabs. Machi 2013, wakati wa uchaguzi mkuu, Uchaguzi ikarudi na watu wa kujitolea wakajaa iHub, wakipanga taarifa kwenye ramani mchana na usiku.

Na Zuckerberg wa Facebook? Kila nikitaja iHub naulizwa habari zake, basi nimalizane nazo. Alifika Septemba 1, 2016, akitokea Lagos, bila tarumbeta. Aliketi na wasanidi, akauliza maswali ya mtu anayetaka jibu, kisha akaenda kula samaki na ugali kwenye mkahawa wa Mama Oliech, pamoja na Waziri wa Habari na Teknolojia Joe Mucheru. Siku hiyohiyo roketi ya SpaceX ililipuka huko Florida pamoja na setilaiti ambayo Facebook ilitarajia kuitumia kuleta intaneti Afrika. Samaki, nasikia, aliwasifu.

Kuhusu miaka iliyozunguka ziara hiyo sitasema mengi. Fedha za wafadhili huwa na mwisho, na nyumba iliyozoea kutoa bure ilibidi ijifunze kutoza. Palikuwa na mikutano mirefu, na wapo waliotoka kabla haijaisha. Wengi wao tunasalimiana vizuri leo.

Mengine nayapita kwa ufupi. Hersman na wenzake walikuwa wameanzisha BRCK, kifaa cha kuhimili intaneti inayokatika, kilichotafuta fedha kwa umma mwaka 2013. Mugambi aliiongoza iHub kama mkurugenzi mtendaji. Mwaka 2016 alishika usukani Kamal Bhattacharya, aliyetoka IBM Research, na baada yake Nekesa Were. Mwaka 2017 iHub ikahama Bishop Magua kwenda Senteu Plaza, Kilimani, makutano ya Lenana na Galana. Septemba 2019 ikanunuliwa na CcHUB, kituo cha namna yake cha Lagos, chini ya Bosun Tijani, ambaye mwaka 2023 aliteuliwa waziri nchini Nigeria. Walionung'unika walinung'unika, milango haikufungwa. Machi 2020 korona ilituhamishia kwenye skrini, na vikao vya Jumamosi vikawa vya kupungiana mikono.

Wakati huo vituo vilikuwa vimekwisha kuota kila mahali: Nairobi Garage, C4DLab ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Chiromo, iLabAfrica ya Strathmore, Moringa School tangu 2014, Andela tangu 2015, kituo cha uhandisi cha Microsoft tangu 2019. Watu wa Android wana mkutano wao, droidconKE. GDG Nairobi ingali inakutana, na Python Nairobi pia. Pwani kuna Swahilipot Hub, Mombasa. Kisumu kuna LakeHub. Novemba 2023 wapenzi wa Django wa bara zima walikutana Zanzibar, na nyuso za kutoka Nairobi hazikukosekana.

Imebaki shukrani. Kwa walinzi wa Bishop Magua waliotufungulia lango usiku wa manane bila kutuuliza tunafanya nini humo. Kwa wahudumu wa kahawa. Kwa waliovuta nyaya za mtandao darini. Na kwa wake kwa waume waliobeba projekta na ekstensheni kwenye matatu za 111 kutoka Railways, Jumamosi baada ya Jumamosi, bila kurudishiwa nauli. Wengi hawamo katika kurasa hizi. Mwenye jina la kuongeza aniletee mapema, kabla kijitabu hakijaenda kwa mchapishaji.