Shamba Lililopigiwa Kura

Machi 2000, wapiga kura wa Davis, mji wa chuo kikuu ulio magharibi ya Sacramento huko California, walijitwalia mamlaka ambayo miji mingi huwaachia madiwani. Kwa tofauti isiyo kubwa walipitisha hoja iliyotambulishwa kwenye karatasi ya kura kwa herufi J. Kuanzia hapo, shamba la pembezoni mwa mji halingeweza kugeuzwa makazi mpaka wakazi waulizwe na wengi wao wakubali. Sheria ilipewa uhai wa miaka kumi. Mwaka 2010 zaidi ya robo tatu ya waliopiga kura waliihuisha, na mwaka 2020 walioiunga mkono walivuka asilimia 80. Sheria inayozidi kupendwa kadiri inavyozeeka si jambo la kawaida, na historia yake inastahili kusomwa na kila mji unaotanuka kuelekea mashambani. Kura hii iliwapa wananchi sauti waliyostahili, lakini ilifungwa ndani ya swali finyu: huuliza juu ya shamba moja kwa wakati mmoja, na huwauliza wale tu waliokwisha kupata pa kuishi.

Chimbuko lake ni la haki. Davis ilizaliwa mwaka 1868 reli ilipofika, ikakua kama kituo cha nafaka, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 Chuo Kikuu cha California kikaweka hapo shamba lake la mafunzo. Udongo wa bonde hilo umeletwa na maji ya mto kwa maelfu ya miaka, na wenyeji waliijua thamani yake kwa kazi ya mikono na ya maabara. Nyanya ni ushahidi mzuri. Zile za zamani zilikuwa laini mno kwa mashine na ziliiva kwa zamu, kwa hiyo vibarua walilazimika kurudi shambani tena na tena. Mhandisi Coby Lorenzen na mtaalamu wa mbegu Jack Hanna, wote wa Davis, wakaunda kwa pamoja mashine ya kuvunia na nyanya yenye ngozi ngumu inayoiva kwa mkupuo, hata shina likakatwa mara moja na mavuno yakaisha. Mpango wa kuajiri vibarua kutoka Mexico ulipokoma mwaka 1964, mashine hiyo ilienea California kwa kasi. Watu waliokuja kuitetea ardhi hii hawakuwa wakitetea mandhari peke yake.

Lakini chuo kilichoipa ardhi sifa ndicho kilichovuta watu. Mwaka 1960 Davis ilikuwa na wakazi wasiofika 9,000. Mwaka 2000 walikuwa zaidi ya 60,000. Kila mtaa mpya ulikula shamba. Mji ulijaribu njia nyingine kabla ya kura na baada yake. Mwaka 1987 ulikubaliana na kaunti yake, Yolo, kugawana mapato ya kodi ili kaunti isiruhusu ujenzi mpakani mwa mji. Mwaka 1995 ulipitisha kanuni kwamba anayejenga juu ya shamba ahifadhi kwa mkataba wa kudumu shamba lingine la ukubwa uleule. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi ekari mbili kwa kila moja. Na Novemba 2000, miezi michache baada ya Hoja J, wakazi walikubali kujitoza dola 24 kwa mwaka kwa miaka 30 ili kuhifadhi maeneo ya wazi. Anayedai kwamba watu hawa walikuwa wakilinda bei za nyumba zao tu hana budi kueleza kwa nini walikubali kutozwa kodi.

Tatizo lilianza sheria ilipoanza kutumika. Mwaka 2005 wapiga kura waliukataa mpango wa Covell Village, wenye nyumba zaidi ya 1,800, kwa karibu kura sita katika kila kumi. Mwaka 2009 mpango mdogo zaidi, wa nyumba zipatazo 190 katika Wildhorse Ranch, ulikataliwa na takriban robo tatu ya wapiga kura. Kila kura ukiitazama peke yake ina hoja zake: msongamano wa magari, gharama za huduma, masharti ya mwendelezaji. Ukizitazama pamoja, unaona mji uliobana mlango wakati nje watu wanaongezeka. Kati ya 2000 na 2020 wakazi wa Davis waliongezeka kwa takriban 6,500 tu. Katika miaka hiyohiyo wanafunzi wa chuo walitoka karibu 26,000 wakafika karibu 39,000. Na Woodland, mji jirani ulio kaskazini kwa mwendo mfupi wa gari, uliongeza wakazi karibu 12,000, wengi wao katika mitaa iliyojengwa juu ya mashamba ya kaunti hiyohiyo.

Sidai kwamba kila nyumba iliyokataliwa Davis ilihamia Woodland. Bei na ajira zilichangia pia. Ila hitaji la nyumba halifutwi kwa kura. Linapozuiwa upande mmoja hutokea upande mwingine, na bonde lile halikupata faida yoyote kwa shamba kupotea katika mji wa pili badala ya wa kwanza. Anayefanya kazi Davis na kulala Woodland ametumia ardhi, kisha akaongeza mafuta na saa za barabarani. Hapa ndipo kasoro ya swali inapoonekana: wapiga kura waliulizwa kama shamba hili lijengwe, hawakuulizwa lipi lijengwe badala yake.

Yapo mapingamizi mawili mazito. La kwanza ni kwamba bila kura, madiwani wangeshawishiwa na wenye fedha. Hofu hiyo haina chumvi, na ndiyo maana sitetei kuifuta sheria. La pili ni kwamba wananchi hawapingi nyumba, hupinga mipango mibovu, na kipande cha ardhi kiitwacho Nishi kinalitia nguvu. Kiko kati ya reli na barabara kuu ya I-80. Mwaka 2016 mpango wake ulishindwa kwa tofauti ndogo. Mwaka 2018 mpango mwingine wa ardhi ileile, wa makazi ya wanafunzi, wenye vitanda vya bei nafuu na magari yakipitia upande wa chuo pekee, ulipita kwa takriban asilimia 60. Kura, basi, inaweza kuboresha mpango. Lakini miaka miwili ilipotea kabla ya ndiyo kupatikana, na miaka mingine kadhaa ikapita bila jengo kusimama, kwani bado ilibidi kupata njia ya kuivuka reli.

Mwaka huohuo wa 2018 wapiga kura walikubali pia mtaa wa wazee magharibi mwa mji. Waliouandaa waliahidi kwamba nyumba nyingi zingeuzwa kwa watu wenye uhusiano na Davis, na wapinzani wakalipeleka suala hilo mahakamani wakisema ni ubaguzi wa rangi. Hata kura ya kukubali, basi, ilitafutwa kwa kuwahakikishia walio ndani kwamba watakaoingia ni wenzao. Mwanafunzi anaweza kujiandikisha na kupiga kura, ni kweli. Lakini karani aliyehamia Woodland kwa sababu ya kodi ya nyumba hana karatasi ya kura Davis, na shauri lilikuwa lake pia.

Kwa hiyo wananchi waendelee kuulizwa, ila waulizwe jambo zima. Mara moja kwa kila kipindi, wapigie kura ramani yenye pande mbili: mashamba yasiyoguswa kwa miongo ijayo, na sehemu zitakazojengwa, pamoja na idadi ya nyumba ambazo mji unajifunga kuzipokea. Ramani hiyo iandaliwe na kaunti nzima, ili anayelala Woodland na kufanya kazi Davis awe na neno. Mji uliojitoza kodi kuhifadhi udongo umekwisha kuonyesha kwamba unaweza kubeba gharama ya jambo jema. Gharama iliyobaki ni kukubali majirani wapya, na wajibu huo nao unastahili kuwekwa kwenye karatasi ya kura.