Moshi wa Kandili za Süleymaniye

Aingiaye msikiti wa Süleymaniye mjini Istanbul huinua uso bila ya kukusudia. Kuba limekaa juu kiasi cha mita 53, wala jicho halitambui upesi ni kitu gani kilichobeba uzito ule. Nguzo kuu ni nne tu. Viegemezo vinene vya mawe mjenzi ameviingiza ndani ya kuta na kuvifunika kwa vibaraza. Ndiye Sinan, aliyeijenga kazi hii kati ya 1550 na 1557 kwa amri ya Sultani Süleyman.

Wengi husifu kuba, nao wana haki. Lakini mpenzi wa maandishi na ageuke nyuma, autazame mlango mkubwa. Zama zile nyumba hii ikiwaka kandili za mafuta, na moshi wake ungelitia weusi kila pambo. Husimuliwa kwamba Sinan aliupangia upepo njia: moshi ukavutwa hadi chumba kilichoko juu ya mlango, masizi yakaganda humo, yakakusanywa, yakafanywa wino. Kandili ya usiku ikawa herufi ya mchana! Na herufi hapa si haba: khati za kutani ziliandikwa na Hasan Çelebi, mwanafunzi wa Ahmed Karahisari.

Sultani amezikwa bustanini, upande wa kibla. Sinan, aliyefariki 1588, yumo katika kaburi dogo nje ya ukuta, pale njia mbili zikutanapo.