Kasha, Chandarua na Mkunga: Misaada ya Nje katika Afya ya Mama na Mtoto Tanzania

Huduma za afya ya mama na mtoto zilipata sura ya mpango wa taifa nchini Tanzania mwaka 1974, serikali ilipoziunganisha kliniki za wajawazito, upimaji wa uzito wa watoto na uzazi wa mpango, miaka saba tu baada ya Azimio la Arusha kuonya kwamba nchi inayotegemea zawadi na mikopo huuhatarisha uhuru wake. Onyo hilo halikuizuia serikali kupokea fedha za Marekani kwa ajili ya vyuo 18 vya kufundishia wahudumu wa afya ya mama na mtoto, ambao baada ya mafunzo mafupi walipelekwa katika zahanati za vijijini. Wala hapakuwa na unafiki mkubwa katika jambo hilo, kwa kuwa majengo yalitoka kwa mfadhili lakini waliohitimu waliingia katika orodha ya mishahara ya serikali.

Uwiano huo ulivurugika katika miaka ya 1980. Fedha za kigeni zilipoadimika baada ya vita vya Kagera, Denmark iligharamia, kupitia UNICEF, makasha ya dawa muhimu yaliyofungwa kwa lakiri na kupelekwa kila mwezi katika zahanati na vituo vya afya. Dawa zilifika mahali ambapo bila hivyo zisingefika, na faida hiyo haibishaniwi. Hata hivyo, kwa kuwa makasha ya zahanati yalifanana nchi nzima, zahanati ya bonde lenye malaria na ile ya nyanda za baridi zilipokea vitu vilevile, na mganga wa wilaya hakuwa na sababu ya kujiuliza watu wake walikuwa wakiugua nini.

Swali hilo ndilo lililoulizwa Rufiji na Morogoro Vijijini kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1990, katika mradi wa Wizara ya Afya na Kanada uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP. Chimbuko lake lilikuwa ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1993, iliyodai kwamba hata nchi maskini ingeweza kupunguza vifo vingi kwa fedha kidogo iwapo ingechagua tiba kulingana na uzito wa maradhi, na mradi ulikusudia kulipima dai hilo. Wadadisi walizipitia kaya mara kwa mara wakiandika vizazi na vifo, kisha wakawahoji wafiwa kuhusu dalili za marehemu ili chanzo cha kifo kikadiriwe, kwani wengi walifia nyumbani bila kuonwa na daktari. Ilibainika kwamba malaria ilichangia takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea huku ikitengewa asilimia 5 hivi ya bajeti. Wilaya zikaongezewa fedha isiyozidi dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka, na hata hizo hazikutumika zote. Vyandarua vikahimizwa, wahudumu wakafundishwa kumchunguza mtoto mgonjwa kwa maradhi yote makuu kwa pamoja, na katika miaka michache vifo vya watoto vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40. Ni vigumu kupata katika historia ya misaada nchini mfano mwingine ambao fedha ndogo kiasi hicho ilizaa matunda makubwa namna hiyo, na pengine siri yake ilikuwa kwamba mfadhili alileta taarifa akauacha uamuzi kwa wilaya.

Kwa akina mama hesabu ni ngumu zaidi. Tangu mwaka 2004 wajawazito walipewa kliniki Hati Punguzo, yaani vocha ya kununulia chandarua kwa bei nafuu, iliyogharamiwa na wafadhili, na chanjo zikaendelea kufika. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vikashuka kutoka 112 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2004/05 hadi 67 katika ule wa 2015/16. Katika tafiti hizohizo vifo vya uzazi vilikuwa 578 kwa kila vizazi hai 100,000, kisha 556, tofauti ambayo kitakwimu haina maana, kwa kuwa makadirio ya aina hii yana ukingo mpana wa makosa. Chanjo na chandarua husafirishwa na kugawiwa kwa kampeni, ilhali mama anayevuja damu usiku huhitaji mkunga aliye zamu, damu salama, gari na mtu anayejua kupasua. Mambo hayo hutegemea watumishi wa kudumu, ambao wafadhili walizoea kuwalipia semina bila kuwalipia mshahara, na ambao katika miaka ya 1990 ajira zao zilibanwa kwa masharti ya marekebisho ya uchumi yaliyosimamiwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, katika muongo uleule ambao Benki hiyo ilikuwa ikishauri jinsi ya kuokoa maisha kwa gharama nafuu.