Bidoni la Njano (Sehemu ya 3)

Mkaguzi wa usafi alifika Kiringye saa mbili asubuhi, pikipiki imekolea matope ya barabara ya taifa namba 5. Kabla hajaizima, akina mama walikwisha kutawanyika. Wanamjua kwa kitabu chake cha risiti: choo hakina mfuniko, amandi, takataka uwanjani, amandi.

Kwenye kituo cha afya muganga hakumpa hata kiti. Alimsukumia daftari la shule lenye ramani ya kalamu: barabara, kanali ya mpunga, nyumba, na nukta nyekundu penye kila mgonjwa wa kolera.

"Papa, nitajie nyumba ulizoandikia amandi wiki iliyopita."

Mkaguzi akazitaja moja moja. Muganga akazitafuta kwenye ramani, na hakuna hata moja iliyokuwa na nukta. Wagonjwa walitoka kwenye nyumba zenye vyoo vizuri, zile zilizo kando ya mpunga, ambako watu wanachota kwenye kisima kifupi tangu bomba likauke.

"Mwaka 1854, London," muganga akasema, "daktari John Snow alifuatilia hivihivi nyumba za waliokufa, mtaa wa Broad Street, akaionyesha pampu." (Wakubwa wa afya wa London wakati huo waliamini harufu mbaya ndiyo inayoua, na kwa harufu hawakukosa ushahidi.) "Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukang'olewa."

"Basi tukafunge kisima," mkaguzi akasema.

"Na huyu?" Mama releko, mhamasishaji wa afya wa kijiji, alikuwa ameweka kidole kwenye nukta moja ya pekee, ng'ambo ya barabara, mbali na mpunga. "Koko haoni, hatoki nyumbani. Kisimani alifikaje?"

Muganga alinyamaza kidogo. London nako alikuwako mjane wa Hampstead, mbali kabisa na ile pampu. Alikufa, watu wakashangaa. Kumbe aliupenda utamu wa maji ya pampu hiyo, akawa analetewa kwa mkokoteni.

Wakamfuata koko kitandani, serumu ikimdondokea mkononi.

"Koko, maji ya kunywa nani anakuletea?"

"Mjukuu wangu. Ananiachia kidogo, bidoni analipeleka kuuza."

"Analiuzia wapi?"

"Kwa masomo. Watoto wanasikia kiu saa ya rekreasyo."

Mkaguzi akatazama simu. Ilibaki dakika tatu ifike saa nne. Muganga akarukia nyuma ya pikipiki, chupa ya klorini kwapani.

"Wale walikuwa na mpini wa kung'oa," alipiga kelele juu ya mngurumo. "Pampu yetu ina miguu!"

Walifika kengele ikilia. Chini ya mwembe msichana alikuwa amesimama na bidoni la njano, kikombe mkononi, watoto wamemzunguka. Aliinua macho, akaiona pikipiki, akamwona aliyeiendesha.

"Amandi!"

Kikombe kikaanguka. Msichana alibeba bidoni kichwani akakimbilia barabarani.

"Mtoto, simama! Sikuandikii kitu!" mkaguzi akaita. Nani angemwamini? Motari mmoja alipunguza mwendo, msichana akapanda na bidoni lake, wakaishika njia ya Sange.

Mkaguzi alikuwa anageuza pikipiki awafuate mwalimu alipomshika bega.

"Papa, ngoja. Huyo binti ameuza hapa tangu juzi. Na darasa la sita, leo mabenchi mawili hayana mtu."

Itaendelea wiki ijayo.